Nicolae Paulescu na Neno Lililosomwa Vibaya

Mwishoni mwa Agosti 2003, katika hospitali ya Hôtel-Dieu iliyo ubavuni mwa kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris, iliandaliwa sherehe ambayo haikufanyika. Madaktari wa kisukari kutoka pande zote za dunia walikuwa wamekusanyika mjini humo kwa kongamano lao, na ilipangwa kwamba wakati wa kongamano ifunuliwe sanamu ya kichwa ya Nicolae Constantin Paulescu, Mromania aliyesomea udaktari katika jiji hilo zaidi ya karne moja kabla. Sanamu ilikuwa tayari. Siku chache kabla ya sherehe, Kituo cha Simon Wiesenthal kilipeleka malalamiko na kuweka hadharani mambo ambayo Paulescu aliyaandika juu ya Wayahudi. Profesa Gérard Slama, aliyeongoza tiba ya kisukari hospitalini hapo, aliyasoma, na sherehe ikafutwa.

Waliokasirishwa na kufutwa kwake walisema kwamba mtu aliyedhulumiwa akiwa hai amedhulumiwa tena akiwa kaburini. Walioridhika walisema kwamba hospitali haiwezi kumtukuza mtu aliyehubiri chuki. Pande zote mbili zilikuwa na hati za kuonyesha, na hati zote zilikuwa za kweli. Wapo waliotafuta njia ya katikati: mwanasayansi asifiwe kwa sayansi yake, mwanasiasa alaumiwe kwa siasa zake, na mambo yaishe. Ni njia inayovutia, lakini maisha ya Paulescu yenyewe hayaikubali. Mtu huyu hakuwa mwanafiziolojia asubuhi na mchochezi jioni. Chuki yake aliifundisha chini ya jina la fiziolojia.

Alizaliwa Bucharest mwaka 1869, katika familia ya mfanyabiashara, na tangu shuleni alionekana kuwa na kipaji cha lugha: Kifaransa, Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1888 alikwenda Paris kusomea udaktari, kama walivyofanya vijana wengi wa tabaka lake, kwa kuwa Romania ilikuwa ufalme mchanga na Paris ndiko wasomi wake walikotafuta elimu na heshima. Huko akawa mwanafunzi, kisha msaidizi, wa Étienne Lancereaux, tabibu mashuhuri ambaye tangu 1877 alikuwa ameeleza aina ya kisukari kinachomkondesha mgonjwa na kukihusisha na kuharibika kwa kongosho. Paulescu alipata shahada yake ya udaktari mwaka 1897 kwa utafiti juu ya bandama, akafanya kazi katika hospitali ya Notre-Dame du Perpétuel-Secours, akaongeza shahada za sayansi, na mwaka 1900 akarudi nyumbani. Tangu wakati huo hadi kufa kwake alikuwa mkuu wa fiziolojia katika Kitivo cha Udaktari cha Bucharest. Hakuvunja uhusiano na mwalimu wake. Waliandika pamoja kitabu kikubwa cha udaktari kwa Kifaransa, na kazi hiyo iliendelea hata baada ya Lancereaux kufariki mwaka 1910.

Ubingwa wake ulidhihirika kwanza mbali na kongosho. Mwaka 1908 alichapisha utafiti juu ya tezi ya pituitari, kitu kidogo kinachoning'inia chini ya ubongo, mahali pagumu mno kufikiwa na kisu bila kumuua mnyama. Paulescu alibuni njia ya kupitia ubavuni mwa fuvu, kwenye panja, akiunyanyua ubongo polepole hadi tezi ionekane. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba mbwa aliyeondolewa tezi yote hufa baada ya muda mfupi, ilhali aliyeondolewa sehemu tu anaweza kuishi. Harvey Cushing, daktari wa Marekani ambaye jina lake limebaki katika upasuaji wa ubongo, aliitumia njia hiyo katika maabara yake na kumtaja aliyeibuni. Kwa hiyo, kabla ya suala la insulini kuzuka, jina la Paulescu lilikwisha kujulikana na waliopaswa kulijua.

Suala la kongosho lilianzia Strasbourg mwaka 1889. Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, na mbwa huyo akapata kisukari kikali. Ilikwisha kujulikana kwamba kongosho hutoa maji ya kusaga chakula yanayopita kwenye mfereji hadi utumboni. Jaribio la Strasbourg lilionyesha kwamba kiungo hicho kina kazi ya pili: hutia ndani ya damu kitu fulani ambacho bila hicho mwili hauwezi kuitumia sukari. Kitu hicho kilikuwa nini, na kingetolewaje bila kuharibika? Waliojaribu kujibu walikuwa wengi. Georg Ludwig Zuelzer wa Berlin, katika muongo wa kwanza wa karne ya ishirini, alithubutu hata kuwachoma wagonjwa sindano za maji ya kongosho. Sukari ilipungua, lakini homa na madhara mengine yakamlazimisha kuacha. Ugumu ulikuwa mmoja: maji ya kusagia chakula yanayotengenezwa na kongosho ni makali, na kongosho likikatwakatwa maji hayo hukitafuna kile kile kinachotafutwa.

Wakati huo kisukari cha watoto kilikuwa hukumu ya kifo. Tiba iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya Frederick Allen wa New York, nayo ilikuwa kumshindisha mgonjwa na njaa: chakula kilipunguzwa hadi mkojo usiwe na sukari, na mtoto akaishi miezi au miaka michache zaidi akiwa mifupa na ngozi. Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipofikishwa Toronto Agosti 1922 alikuwa anatimiza miaka 15 na uzito wake ulikuwa kama kilo 20. Ukubwa wa jambo linalogombaniwa na waandishi wa historia unapimwa kwa mwili wa mtoto kama huyo.

Paulescu alianza majaribio yake ya kongosho mwaka 1916, na mwaka huo huo vita vikamkuta. Romania iliingia vitani mwezi Agosti. Kufikia Desemba, Bucharest ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani na washirika wake. Kazi ilisimama. Alipoirudia baada ya vita, njia aliyoifuata ilikuwa rahisi kwa kuisikia. Alichukua kongosho bichi, akalisaga, akalichanganya na maji safi yaliyopozwa yenye uzito mara kumi ya nyama hiyo, akaliacha kwenye barafu kwa saa 24, kisha akayachuja maji na kuyatia chumvi kidogo ili yalingane na damu. Baridi ndiyo iliyokuwa kinga: ilizuia ukali wa maji ya kusagia chakula usikitafune kitu kilichotafutwa. Maji hayo aliyaingiza kwenye mshipa wa shingo wa mbwa aliyeondolewa kongosho.

Sukari ya damu ilishuka. Sukari ya mkojo ilishuka pia, na pamoja nayo zikapungua urea na zile asidi zenye harufu ya asetoni ambazo hatimaye ndizo huwatia wagonjwa katika usingizi wa mauti. Nguvu ya maji hayo ilianza mara baada ya sindano, ikafikia kilele baada ya saa kama mbili, na ikadumu hadi saa 12. Wala hakuishia hapo, na hapa ndipo anapoonekana mtafiti aliyekomaa. Alijiuliza iwapo kushuka huko kulisababishwa na maji tu yaliyoongezwa kwenye damu, basi akampa mbwa mwingine maji ya chumvi matupu. Alijiuliza iwapo sababu ilikuwa homa inayofuata sindano, basi akamtia mbwa homa kwa dawa nyingine na kupima. Hakuna hata kimoja kilichoishusha sukari kama maji ya kongosho. Kitu kilichomo ndani ya maji hayo alikiita *pancreina*.

Kati ya Aprili na Juni 1921 aliwasilisha taarifa nne mbele ya tawi la Romania la Jumuiya ya Biolojia ya Paris. Makala ndefu yenye majaribio yote ilipokelewa Juni 22 na jarida la kimataifa la fiziolojia lililochapishwa Liège, Ubelgiji, na ikatoka Agosti 31. Tarehe hizi si mapambo. Frederick Banting, daktari kijana wa Kanada aliyepata wazo lake usiku mmoja wa Oktoba 1920, alianza kazi Toronto pamoja na Charles Best katikati ya Mei 1921, katika maabara ya John Macleod. Mbwa wao wa kwanza alipata sindano ya maji ya kongosho Julai 30. Siku hiyo makala ya Paulescu ilikuwa tayari mezani kwa mhariri.

Banting na Best walichapisha makala yao ya kwanza Februari 1922. Ndani yake Paulescu anatajwa. Anatajwa, lakini kinachosemwa juu yake ni kinyume cha alichoandika: kwamba maji yake yakiingizwa katika mishipa ya pembeni hayana athari, na kwamba sindano ya pili haina nguvu kama ya kwanza. Mtu aliyeeleza kwa majedwali jinsi sukari inavyoshuka alitambulishwa kwa wasomaji wa Kiingereza kama mtu aliyejaribu na kushindwa. Kwa kuwa wengi wangeisoma Toronto na wachache wangeifuatilia Liège, sentensi hiyo ilitosha kumwondoa katika historia kwa karibu nusu karne.

Ilikuwaje? Wako wanaoamini palikuwa na hila. Ushahidi uliopo unaelekea kwenye jambo dogo na la kawaida zaidi. Mwaka 1969, Ion Pavel, daktari wa kisukari wa Bucharest aliyekuwa akilishughulikia suala hilo, alimwandikia Best kumuuliza. Best alijibu kwa majuto. Alikiri kwamba makala ya Paulescu ilifasiriwa vibaya, na kwamba baada ya miaka mingi hivyo hakumbuki kama walitegemea Kifaransa chao dhaifu au walimpa mtu mwingine awatafsirie. Vijana wawili wenye haraka na Kifaransa kibovu: hilo ndilo lililotokea, kwa kadiri inavyoonekana. Wasomi wa lugha zisizotawala maabara wana la kutafakari hapa. Paulescu hakuandika Kiromania. Aliiacha lugha yake na kuandika kwa lugha kubwa ya sayansi ya ujana wake, akidhani kwa kufanya hivyo atasomwa na kila mtu. Kumbe lugha ya ulimwengu ilikuwa imeanza kuhama, na hakuna aliyemwarifu.

Tuzo ya Nobel ya 1923 ilikwenda kwa Banting na Macleod, ambao nao waligawana fedha zao na Best na James Collip. Paulescu alilalamika kwa maandishi, na hakuna kilichobadilika. Aprili 1922 alikuwa amepata hataza ya serikali ya Romania kwa *pancreina* na namna ya kuitengeneza, lakini hataza haikuleta kiwanda wala fedha. Baadaye, Arne Tiselius na Rolf Luft, waliohusika na taasisi za Nobel, walisema kwamba Mromania huyo alistahili sehemu. Daktari wa Scotland, Ian Murray, alikwisha kuieleza kesi hiyo kwa Kiingereza mwaka 1971, kwa kina na bila kelele.

Hata hivyo haki inataka jambo lisemwe pia upande wa Toronto. Maji ya Paulescu yalishusha sukari ya mbwa; hayakuwa dawa ambayo mtoto angeweza kuchomwa kila siku. Mnamo Januari 11, 1922, Leonard Thompson, mvulana mgonjwa, alichomwa maji ya kwanza ya Toronto, na hayo nayo yalikuwa machafu na hayakumsaidia kitu. Ni baada ya Collip, aliyekuwa mwanakemia, kuyasafisha kwa spiriti ndipo sindano ya Januari 23 ilipomrudishia Leonard uhai. Wazo la Banting la kuufunga mfereji wa kongosho, ambalo lilimleta Toronto, lilionekana baadaye kuwa halikuhitajika hata kidogo. Michael Bliss, mwanahistoria wa Kanada aliyeandika kisa hiki kwa undani kuliko wote mwaka 1982, aliona kwamba ushindi wa Toronto ulikuwa kuipata insulini iliyo safi kiasi cha kutibu. Hilo ni sahihi. Lakini kwa kipimo hicho, ni Collip ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kutajwa, na umma haukumkumbuka. Ikiwa kugundua ni kuonyesha kwa majaribio kamili kwamba kitu kipo na kinafanya kazi gani, Paulescu alitangulia. Ikiwa ni kukifikisha kwa mgonjwa, hakufika.

Kama habari zake zingeishia hapo, sanamu ya Paris ingesimama.

Lakini katika miaka ile ile aliyokuwa akipasua mafuvu ya mbwa na kusaga kongosho, Paulescu alikuwa akitoa mfululizo mwingine wa mihadhara na vitabu alivyoviita "fiziolojia ya kifalsafa". Ulianza kwa namna isiyo na madhara makubwa. Mwaka 1905 alichapisha mafundisho yake juu ya roho na Mungu katika fiziolojia, akiipinga nadharia ya Darwin, jambo lililozua mabishano na mwanasayansi mwenzake Nicolae Leon. Ni haki ya mtu kuamini na kubishana. Mwaka 1910 alikuja na kitabu juu ya silika za jamii, tamaa zake na migongano yake, pamoja na dawa za kimaadili. Silika, tamaa, dawa: tayari jamii imelazwa juu ya meza ya daktari. Mwaka 1913 mgonjwa akatajwa kwa jina. Kitabu cha mwaka huo, katika mfululizo huo huo wa "fiziolojia ya kifalsafa", kina kichwa kinachoorodhesha Hospitali, Qurani, Talmud, Kahal na Ufrimasoni.

Mpangilio wa kichwa hicho unaonyesha hoja. Hospitali imewekwa kuwa alama ya huruma ya Kikristo, na mengine yote yanapimwa dhidi yake na kuonekana pungufu au yenye njama. Shabaha kuu ni Wayahudi, lakini Uislamu nao haukusalimika. Wasomaji wa Kiswahili, ambao wengi wao wamelelewa na chuo cha Qurani kabla ya shule, hawahitaji kuambiwa jinsi Waislamu wanavyoweza kuhukumiwa na mtu asiyewajua. Inatosha kukumbusha kwamba hospitali ya Nur al-Din ilijengwa Damascus mwaka 1154 na ya Sultani Qalawun ilifunguliwa Cairo mwaka 1284, zikiwa wakfu kwa wagonjwa, tena katika miji ambamo matabibu Waislamu, Wakristo na Wayahudi walifanya kazi na kusomana. Profesa wa udaktari aliyeanzisha hoja yake kwa neno "hospitali" alipaswa kuijua historia ya hospitali.

Juu ya Wayahudi alikwenda mbali zaidi ya kupotosha historia. Aliwaeleza kama vimelea juu ya mwili wa taifa, na akafika hadi kuliuliza swali la kuwaangamiza jinsi kunguni wanavyoangamizwa. Aliliuliza kisha akaliweka kando kwa kusema kwamba Mkristo hafanyi hivyo. Swali la namna hiyo, hata likikanushwa na aliyeliuliza, huwa limekwisha kuingia masikioni.

Wakati wenyewe ulikuwa wa hatari. Katiba ya Romania ya 1866 iliwafungia uraia wasio Wakristo, na kwa zaidi ya nusu karne Wayahudi waliozaliwa nchini waliishi kama wageni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mataifa makubwa yaliishinikiza Romania iwape uraia. Desemba 1922 vyuo vikuu viliwaka moto. Wanafunzi walidai idadi ya Wayahudi vyuoni ipunguzwe, na vurugu zilianzia katika kitivo cha udaktari huko Cluj, ambako wanafunzi Wakristo walitaka Wayahudi wapasue maiti za Wayahudi tu. Paulescu alikuwa upande wa wenye ghasia. Pamoja na A. C. Cuza, profesa wa uchumi wa Iași, walikwisha kuanzisha umoja wa kisiasa mwaka 1922, wenye alama ya swastika, na mnamo Machi 4, 1923 ulizaliwa Ligi ya Ulinzi wa Kitaifa wa Kikristo. Mwezi huo huo katiba mpya iliyowapa Wayahudi uraia ilipitishwa licha ya kelele zao. Ndani ya Ligi alikuwamo kijana Corneliu Zelea Codreanu, ambaye baadaye alijitenga na kuunda kundi la Walinzi wa Chuma, na ambaye katika kumbukumbu zake alimtaja Paulescu kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu.

Linganisha tarehe. Aprili 1922, hataza ya *pancreina*. Mwaka huo huo, umoja wa kisiasa pamoja na Cuza. Mwaka 1923, makala mpya juu ya njia za kuisafisha *pancreina*; mwaka huo huo, Ligi. Mwaka 1928 alitoa kitabu juu ya kile alichokiita kuzorota kwa jamii ya Kiyahudi, na neno hilo la "kuzorota" lilichukuliwa moja kwa moja kutoka katika elimu ya magonjwa. Ni mkono mmoja uliokuwa ukiandika. Kilichotofautiana ni adabu ya kazi. Juu ya mbwa, Paulescu hakukubali kusema lolote kabla ya kulijaribu kwa maji ya chumvi na kwa homa. Juu ya watu, hakuweka jaribio la kulinganisha wala hakutafuta shahidi wa upande wa pili. Alisoma maandiko ya wengine kwa lengo la kuwatia hatiani, akatoa humo alichokitaka, na akakipa muhuri wa kiti chake cha profesa. Muhuri huo ndio uliokuwa na thamani kwa Cuza na Codreanu. Wachochezi wa mitaani Romania haikuwakosa. Iliyemkosa ni mtu wa maabara wa kuwathibitishia kwamba chuki yao ni sayansi.

Kuna kejeli nyingine ambayo watetezi wake huipita haraka. Njia yote aliyoifuata katika kongosho ilifunguliwa na Minkowski, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi karibu na Kaunas, Lithuania. Bila mbwa wa Strasbourg kusingekuwa na mbwa wa Bucharest. Zuelzer wa Berlin, mtangulizi mwingine ambaye naye alinyimwa sifa zake, alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na baada ya Hitler kushika madaraka aliihama nchi yake.

Paulescu alifariki Bucharest Julai 1931 na kuzikwa katika makaburi ya Bellu. Hakuyaona yaliyofuata. Mwishoni mwa Juni 1941, katika mji wa Iași, mji wa Cuza, maelfu ya Wayahudi waliuawa kwa siku chache, mitaani na ndani ya mabehewa yaliyofungwa chini ya jua la kiangazi. Tume ya kimataifa iliyoongozwa na Elie Wiesel ilikadiria mwaka 2004 kwamba Wayahudi kati ya 280,000 na 380,000 walikufa katika Romania na maeneo iliyoyatawala wakati wa vita. Kumtwika maiti hao wote mtu aliyekufa miaka kumi kabla kungekuwa kosa. Serikali ya Ion Antonescu ilikuwa na wakuu wake na majeshi yake. Lakini wauaji walikuwa na msamiati, na katika waliouandaa, profesa wa fiziolojia alikuwa na nafasi yake.

Romania ya kikomunisti ilipomfufua katika miaka ya 1960 na 1970 kama shujaa aliyeporwa na nchi za Magharibi, ilimfufua nusu. Makala za kongosho zilitafsiriwa na kusambazwa. Zile za "fiziolojia ya kifalsafa" zilikaa kimya, kwa kuwa hazikumfaa mkomunisti, ambaye Paulescu alimchukia sawasawa na Myahudi. Ndiyo maana mwaka 2003 madaktari wengi wa Ulaya waliona kama habari hizo zimezuliwa jana, ilhali zilikuwa zimechapishwa kwa miaka 90. Mwaka 1990 Akademia ya Romania ilikuwa imekwisha kumfanya mwanachama baada ya kufa.

Leo Hôtel-Dieu haina sanamu yake. Bucharest ipo taasisi ya taifa ya kisukari, lishe na magonjwa ya umetaboli, na mlangoni pake limeandikwa jina la Profesa Dakta N. C. Paulescu. Wagonjwa huingia asubuhi na vyeti vyao, hupimwa sukari, huandikiwa insulini yao, na hutoka. Miongoni mwao, kama katika hospitali yoyote ya jiji hilo, wamo Wayahudi na Waislamu.